Dingi Iliyofungwa kama Miwa

Vijana wa karakana, mliponiaga mliniomba niwaandikie jinsi dingi, kile kiboti kidogo, inavyofungwa nyuma ya boti bila kununua vyuma vya dukani, kwa kuwa ile mikanda inayoishikilia sasa ni kazi ya mikono yangu. Nimekaa nyumbani Mayoni wiki ya tatu, mgongo unauma na kuku wa mke wangu wamenizoea, kwa hiyo sina kisingizio. Ila nikianza kueleza mikanda nitalazimika kueleza waya uliotangulia, na nikifika kwenye waya nitalazimika kumtaja Barasa, yule anayewafungulia geti asubuhi. Barasa alikuwa nahodha wa boti. Aliondolewa majini kwa kosa langu, nami nikanyamaza. Anayetaka habari za mikanda pekee na aruke kurasa za katikati.

Kabla ya ufundi nilikuwa mpakiaji wa miwa, kama nusu ya vijana wa kwetu. Trela la miwa hufungwa kwa mnyororo, mnyororo hukazwa kwa nondo mpaka miwa inalia, kisha ncha huviringwa kwa waya na waya hupindwa kwa koleo. Hufungwa hivyo ili mzigo usisogee kwenye mashimo ya barabara, na watoto wa njiani wasichomoe miwa. Habari ya kufungua hakuna anayeiwaza. Mzigo ukifika kiwandani, kuna mtu wa kule mwenye kazi hiyo, naye ataukata waya kwa nafasi yake, ardhi ikiwa imetulia chini ya miguu yake. Mimi nilisifiwa kwa kufunga. Trela nililolifunga halikuwahi kudondosha muwa mmoja, na nilijivunia jambo hilo kuliko inavyofaa.

Nilipoajiriwa katika ofisi ya kupima mito, pale mjini Kakamega, siku ya kwanza nilikuta boti imeegeshwa kati ya trekta bovu na tangi la maji, mbuzi wawili wamelala kivulini mwake. Nilimuuliza fundi mkuu boti inafanya nini Kakamega. Akanijibu kwamba inangoja wapumbavu wamalize kuuliza. Huyo ndiye Mzee Injendi. Alijifunza kazi Kisumu, kwenye vyombo vya ziwani, na hakusahau kutukumbusha kwamba sisi wengine tulijifunza kwenye matope. Boti ilikaa mjini kwa sababu ofisi ilikuwa mjini. Mito ikijaa, ilivutwa na lori hadi Nzoia, au hadi kule chini Budalangi maji yanakotapakaa mashambani.

Mlioikuta juzi mnaijua. Injini yake ya dizeli imo tumboni, kwa hiyo nyuma pamebaki wazi na bapa. Watu wa pwani wanapaita tezi. Sisi tulipaita mkia, na Mzee Injendi alikuwa na jina lake ambalo sitaliandika. Boti hiyo inahitaji kina. Penye maji machache haiendi, na ukilazimisha utaharibu propela. Ndiyo maana ikapewa dingi, kiboti cha watu wawili na makasia, cha kumfikisha msoma mto kwenye mti wa vipimo ulio ukingoni. Serikali ilitupa boti, ikatupa dingi, ikasahau kutupa kitu cha kuziunganisha.

Mwanzoni dingi ilivutwa kwa kamba. Msirudie. Boti ikipunguza mwendo, dingi inakuja kuigonga kwa nyuma, na kamba iliyolegea inakwenda kujisokota kwenye propela. Ilitutokea mara mbili. Mara ya pili Barasa alipiga mbizi na kisu mdomoni kuikata, akatoka akasema maji ni baridi, basi.

Mzee Injendi ndiye aliyeleta mikono ya bomba. Alichukua mabomba mawili ya maji yaliyong'olewa kwenye jengo la zamani, akayajaza mchanga mkavu ili yasibonyee, akayapasha moto kwenye makaa na kuyapinda polepole kama mtu anayemkunja mgonjwa. Akayafunga kwa bolti kwenye mkia, na ndani ya mkia akaweka kipande cha mbao ngumu ili bolti zisile ukuta wa boti. Juu ya mikono akavisha vipande vya tairi. Dingi ikalala hapo kwa ubavu, tumbo lake likitazama nje, mvua isiingie ikakaa. Mikono hiyo ndiyo hii mnayoitumia hadi leo. Ipakeni rangi kabla ya masika, kutu inaanzia chini ya mpira ambako hamwoni.

Kuhusu kamba alikuwa na sheria mbili na alizirudia mpaka tukachoka. Barabarani, dingi ifungwe kwa kamba ya mkonge mara nne, kila fundo likazwe, kwa kuwa adui yako ni mashimo. Mkifika mtoni, kabla boti haijagusa maji, fungueni yote mfunge upya kwa fundo moja tu, lile la kumfungia ng'ombe wakati wa kukama, ambalo ukivuta ncha moja linaachia. Aliniambia nimfungie mbele yake, mara nyingi, nimegeuza uso nisione mikono yangu. Mimi mtu wa miwa nililiona fundo hilo ni la kitoto. Nilimwambia halina heshima. Akasema heshima nitaipata kanisani.

Mzee alistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini, kazi ikaniangukia mimi. Kubadili kamba mtoni kulichukua karibu robo saa, kwenye matope, kila safari ya kwenda na ya kurudi. Nilianza kuchoka. Siku moja tulipokuwa tunatoka mtoni kwenda kupima bwawa upande wa Lugari, niliona hakuna haja, nikaiacha dingi na lile fundo la ng'ombe tu kwa safari ya barabarani. Karibu na Chekalini dereva alipiga shimo, nasi hatukujua lolote mpaka tulipofika bwawani na kukuta mikono ya bomba ikiwa mitupu.

Tuliirudia dingi siku hiyo hiyo, lakini ilikuwa imekwisha kupata kazi. Mama mmoja alikuwa ameiokota kwenye mahindi yake, ameijaza maji, na ndama watatu wanakunywa. Hakuona kwa nini aiachie. Alituuliza kama kweli ofisi nzima ya wanaume imekosa kamba. Tulikaa kwake hadi ndama waliposhiba.

Mkubwa wetu wa wakati ule hakucheka. Aliniita ofisini akaniambia maneno machache, na yenyewe nayakumbuka: "Hiyo kitu isianguke tena. Sitaki kujua utaifunga na nini."

Nami nikaifunga kama miwa. Nilitoa mkonge nikaweka mnyororo mwembamba wa trela, nikaukaza kwa nondo, ncha nikaiviringa waya mzito mara saba na kuupinda kwa koleo hadi ukaingia ndani ya pete za mnyororo. Dingi ikawa imeshikwa kabisa na boti. Nilimwita mkubwa aje aisukume kwa mguu. Akaisukuma, haikutikisika, akanipa mkono. Uzuri mkubwa kwangu ulikuwa kwamba sasa kufunga ni kumoja, kwa barabara na kwa maji, na ile robo saa ya matopeni imekufa. Tukiihitaji dingi mtoni, nilikuwa nashuka na koleo nafungua kabla boti haijaondoka. Tusipoihitaji, ilibaki na waya wake.

Sasa nimfikie Barasa. Alikuwa Mnyala wa Budalangi, aliyekulia ndani ya mtumbwi. Hakuwa mtu wa maneno. Akiwa kwenye usukani aliweka kiganja cha kushoto juu ya ubao ili asikie injini, na akikwambia kuna jiwe mbele usibishane naye. Siku ambazo boti ilikaa kiwanjani miezi mitatu bila safari, alikuja kuiosha vivyo hivyo, mbuzi wakimtazama. Nilipomaliza kazi yangu ya waya, aliizunguka dingi, kisha akaniuliza koleo litakaa wapi. Nilimwambia litakaa na mimi, kwa sababu vifaa vya karakana vilikuwa vikipotea na mimi ndiye niliyeviandikia sahihi. Akaitikia kwa kichwa.

Mvua za mwaka uliofuata Nzoia ilijaa vibaya. Tulishusha boti chini kidogo ya Mayoni, asubuhi, anga imetakata. Waliopanda ni wawili, Barasa na Makokha, msoma mto wetu. Mti wa vipimo wa ukingoni ulikuwa umezama, kwa hiyo siku hiyo hawakuihitaji dingi. Wangepima kina katikati kwa mti mrefu na kurudi. Mimi na dereva tulibaki ukingoni na lori. Nilikuwa nimeegemea bodi nikila ndizi.

Gogo lilitoka juu, kubwa, mizizi na yote. Barasa alilikwepa, lakini mzizi mmoja ulikwaruza ubavu wa boti, na Makokha alikuwa amesimama na mti wake mkononi. Alikwenda majini bila kelele. Mto ukamsukuma hadi kwenye miti ya ng'ambo iliyokuwa imezama nusu, akanasa hapo, mguu umebanwa na shina, maji yakimfika kidevuni na kumpita kila wimbi linapokuja. Palikuwa na kina kifupi na mawe. Boti isingefika. Dingi ingefika kwa mapigo kumi ya kasia.

Barasa alitupa nanga, akakimbia nyuma. Nilimwona akishika waya kwa vidole. Kisha akautia meno. Kisha akachukua kasia akaupiga, na kasia likavunjika. Ndipo akanigeukia, maji kati yetu, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Fundi, hii kitu inafunguliwanga aje?"

Koleo lilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yangu. Nilikimbia hadi maji yakanifika kiunoni, nikalirusha, likaanguka karibu mita tatu kabla ya boti. Sikuwa na lingine. Nilibaki nimesimama pale nimenyoosha mkono kana kwamba bado nimelishika.

Waliomtoa Makokha ni wakata miwa wa ng'ambo. Walisikia dereva wetu akipiga honi bila kuacha, wakaja na mapanga yao, wakashikana mikono kutoka ukingoni hadi kwake, watu tisa au kumi, wakalikata shina chini ya maji kwa kupapasa. Alikaa pale muda mrefu. Sikuangalia saa. Alitoka hai, mguu umevunjika mahali pawili, akalazwa hospitali ya Mukumu miezi miwili, na mpaka leo anatembea na mkongojo. Alipewa kazi ya kuchora vipimo mezani. Husema hakumbuki kitu isipokuwa honi.

Mkubwa alituita mmoja mmoja. Mimi nilitangulia. Aliniuliza mambo mawili. Kama nilimwonyesha nahodha jinsi ya kufungua. Nikasema ndiyo. Kama kifaa cha kufungulia kilikuwa ndani ya boti. Nikasema ndiyo. Aliandika, nikatoka. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na nyumba iliyofika lenta, haijapata paa, na niliogopa. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Hakuna aliyenitisha wala kunifundisha la kusema.

Nilisikia baadaye kwa karani kwamba dereva, aliyekuwa kwenye honi, hakuona koleo, na kwamba Barasa alikana yote mawili, akaomba niitwe niyarudie maneno yangu mbele yake. Mkubwa akaona haina haja. Iliandikwa kwamba nahodha alishikwa na hofu akashindwa kutumia kifaa alichopewa, na kwamba hafai kukabidhiwa maisha ya watu majini. Akapewa sweta la bluu na rungu, akapelekwa getini. Mtu aliyelelewa na mto akaambiwa anaogopa maji, na karatasi ikawekwa muhuri.

Sasa mikanda, ambayo ndiyo mliyoomba. Wiki ile ile niliung'oa ule mnyororo. Nyuma ya karakana kulikuwa na magari mabovu yanayongoja mnada ambao haukuja. Nilikata mikanda ya viti, ile ya kujifunga kifuani, nikachagua isiyochanika. Upande mmoja niliushona kwa uzi wa viatu kuzunguka mkono wa bomba, mishono mitatu ya kwenda na kurudi. Upande wa pili nikaweka kufuli lake lile lile la garini, la kubonyeza. Mikanda miwili inatosha, mmoja kila upande. Chini ya mkanda wekeni kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovutwa, ili dingi ikicheza mkanda ucheze nayo badala ya kukatika. Ukibonyeza mara mbili, dingi imeshuka. Anaweza mtoto, anaweza mtu aliyepofushwa na mvua, anaweza mtu ambaye hakuonyeshwa. Matope yakiingia kwenye kufuli, suuza kwa maji safi, usitie grisi, grisi hushika mchanga. Barabarani ongezeni mkonge juu yake, mara nne, na mkifika mtoni mtoe. Ile robo saa ilipeni.

Kazi hiyo ilinipa jina. Walikuja watu wa ofisi nyingine kuitazama, wakachora kwenye daftari, wakanipiga begani. Hakuna aliyeuliza kwa nini nahodha aliyeshindwa na kifaa kizuri alimfanya fundi abadili kifaa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka mitano, na kila asubuhi ilipitia getini. "Umeamkaje, fundi," Barasa ananiambia, na mimi nainama kutazama mnyororo wa baiskeli yangu ambao haukuwa na shida yoyote. Ilinichosha kuliko nyundo. Nadhani ningechoka kidogo kama angenitukana hata mara moja.

Siku yangu ya mwisho mnaikumbuka, mlikuwepo. Kulikuwa na soda, kulikuwa na ingokho, kuku wa kwetu, mliyoichangia, na mkubwa huyu mpya, ambaye hakuwepo zamani, alisoma hotuba juu ya mikanda. Nilipewa blanketi na chupa ya chai. Barasa hakuwepo kwenye sherehe, geti haliachwi. Nilitoka saa kumi na moja jioni nikisukuma baiskeli, nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimejiapia kwamba sitavuka bila kusema.

Nilimwambia sikumwonyesha kufungua. Nilimwambia koleo lilikuwa mfukoni mwangu, na kwamba nilisema uongo.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye nilishika hiyo waya." Akashika komeo la geti. "Umeambia nani ingine?"

Nikamwambia, wewe tu.

"Basi bado hujasema, fundi."

Akanifungulia geti. Niliona aibu ambayo sikuijua hata siku ile ya mtoni. Nilidhani nimemletea kitu, kumbe nilitaka tu kwenda nyumbani nikiwa mwepesi, mzigo nimwachie yeye mwenyewe aendelee kuulinda. Niliegemeza baiskeli ukutani, blanketi juu yake, nikarudi ofisini.

Mkubwa mpya alikuwa anafunga dirisha. Alinisikiliza amesimama, kisha ameketi. Akaniuliza kama nafahamu kwamba jambo hili linaweza kugusa malipo yangu ya uzeeni. Nikasema nafahamu. Akaniuliza kwa nini sasa, nikamwomba karatasi. Alinipa karatasi, nikaandika maswali yale mawili na majibu yake ya kweli, nikatia sahihi, na mbele yangu akaandikia makao makuu. Akasema hawezi kuniahidi kitu, lakini Barasa amebakiza miaka miwili na boti haina nahodha wa kudumu. Mpaka leo hakuna jibu. Ninyi mlio hapo mtalisikia kabla yangu, na likichelewa liulizeni, msingoje mimi.

Nilipotoka geti lilikuwa limekwisha kufungwa. Barasa alilifungua mara ya pili. Hakuniuliza nimefanya nini huko ndani, nami sikumwambia. Alinishikia baiskeli nifunge blanketi nyuma, akanitazama nikilifunga, kisha akasema mkanda wa kulia wa dingi umeanza kukatika karibu na mshono, kwa ndani. Alikuwa ameuona boti ilipopita mbele yake mwezi uliopita, na ule uliotangulia.

Mimi nilikuwa nimeushika mkanda huo asubuhi ile ile mbele ya wageni, nikisifiwa, na sikuwa nimeona kitu. Ubadilisheni.